Asili na Safari ya Neno "Boda Boda"

Katika madaftari ya insha ya wanafunzi wetu, neno "boda boda" hukutana mara nyingi na kalamu nyekundu ya mwalimu. Huambiwa kuwa ni neno la mitaani, na kwamba "mpaka" lipo. Kabla ya kulihukumu, yatupasa kuiuliza historia yake.

Mwaka 1902 Waingereza walilimega Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukasogea hadi nchi ya Wasamia na Wateso, ukawagawa ndugu pande mbili. Busia ikawa miji miwili yenye jina moja. Malaba nayo, katika wilaya ya Tororo, ikawa na pacha wake ng'ambo ya mto.

Vituo vya forodha vya nchi hizi havikuwa bega kwa bega. Baina yake palikuwa na masafa, na gari lilihitaji hati nyingi ili livuke. Msafiri aliyeshuka katika basi hakuwa na budi kwenda kwa miguu, mzigo kichwani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliigeuza shida hiyo kuwa riziki. Walifunga mto juu ya keria, wakawaita abiria: "Boda! Boda!" Maana yake: twende mpakani.

Mwalimu wa lugha ana mengi ya kujifunza hapa. Neno la Kiingereza "border" lilivuliwa konsonanti yake ya mwisho likamalizikia irabu, kama kanuni ya silabi zetu itakavyo. Kisha likarudufiwa, likakaa pamoja na "pikipiki". Maana nayo ilihama: kwanza mahali, kisha chombo, mwishowe mtu. Kwa hiyo twasema "boda boda imeharibika" tukikusudia chombo, na "boda boda amefika" tukikusudia mwendeshaji. Ngeli mbili, neno moja. Wala hakuna aliyefundishwa darasani.

Neno likasafiri kuliko baiskeli iliyolizaa. Lilifika Kampala, na katika miaka ya 1990 likahamia kwenye pikipiki ndogo, ambazo injini zake hupozwa na upepo tu, bila rejeta. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo zilizoingizwa nchini, na boda boda zikajaa hadi vijijini. Leo hata Dodoma, mbali na mpaka wowote, abiria huita "bodaboda" pasipo kuufikiria mpaka.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hivyo sababu iliyolizaa neno imepungua, lakini neno lenyewe limebaki, likiwa kumbukumbu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Hili limekwenda. Basi, ndugu walimu, mwanafunzi aandikapo "boda boda", tusimkate alama. Tumwulize limetoka wapi, kisha tumpe ramani aitafute Busia.