Ngao Zisizo na Kofia ya Chuma

Chukua sarafu ya Kenya ya shilingi ishirini, zile zilizotoka mwaka 2018, uigeuze upande usio na ndovu. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameshika mikuki. Kati yao iko ngao ndefu ya kimila, na katikati ya ngao jogoo anatembea na shoka ukuchani. Sasa inua jicho hadi juu ya ngao. Hakuna taji, hakuna kofia, hakuna mnyama aliyekaa kileleni. Mtu aliyelelewa na desturi ya Ulaya ataona kuna kitu kimepungua hapo. Mimi naona hapo ndipo penye maana kubwa kuliko yote.

Desturi ya kuweka alama kwenye ngao ilizaliwa kwa shida ya kawaida kabisa: vitani sura haionekani. Oktoba 1066, kwenye mapigano ya Hastings, Uingereza, ulizuka uvumi kwamba Mtawala William wa Normandy ameuawa. Kitambaa kirefu cha Bayeux, kilichotariziwa miaka michache baadaye, kinamwonyesha akiinua kofia yake ya chuma ili askari wake waone uso na wajue yu hai. Na kofia za wakati ule zilikuwa na kipande cha chuma puani tu. Miaka mia na ushee baadaye kofia zilifunika kichwa kizima, zikabakiza ufa mwembamba wa macho. Mpanda farasi aliyevaa vile alikuwa kama pipa juu ya tandiko. Ndugu yake hakumtambua, wala adui.

Ngao ikawa uso. Mjini Le Mans, Ufaransa, kimehifadhiwa kibao cha shaba chenye nakshi za rangi kilichotengenezwa kwa ajili ya kaburi la Geoffrey wa Anjou, aliyefariki mwaka 1151. Ana ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu, karibu ndefu kama yeye. Na juu ya kofia yake yuko simba mwingine. Ndiyo dalili ya kile kilichokuja kuwa kishungi: sanamu juu ya kofia ya chuma, iliyoonekana hata pale ngao ilipofichwa na farasi, vumbi na watu.

Rangi nazo ziliwekewa sharti. Dhahabu na fedha, yaani manjano na nyeupe, zilihesabiwa kuwa metali. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani zikaitwa rangi. Metali haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, kwa sababu ukiwa mbali huwezi kuzitenganisha. Tazama bendera ya Kenya, jinsi mistari myeupe inavyoitenga nyekundu na nyeusi na kijani. Tazama ya Tanzania, jinsi manjano yanavyopita kati ya nyeusi na jirani zake. Tumefundishwa kwamba nyeupe ni amani na manjano ni madini, na ni kweli. Lakini mpanda farasi wa karne ya 13 naye angezisoma bendera hizo bila taabu.

Turudi kwenye kishungi, maana ufundi wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Kilifungwa kileleni pa kofia, na mahali kilipokutana na chuma palizungushwa nguo mbili za rangi tofauti, zimesokotwa kama kamba. Mama aliyewahi kubeba mtungi anaijua nguo hiyo: ni ngata, ile ile, isipokuwa mzigo wake ni simba. Kutoka chini ya ngata liliteremka shuka la kufunika kisogo na mabega. Wachoraji ndio walioligeuza baadaye likawa majani ya kujikunja yanayozizunguka ngao nyingi za Ulaya.

Sanamu yenyewe haikuwa ya chuma, ingevunja shingo. Mwanamfalme Edward wa Uingereza, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Mwanamfalme Mweusi, alizikwa katika kanisa kuu la Canterbury mwaka 1376, na vifaa vyake vikatundikwa juu ya kaburi. Kishungi chake bado kipo: simba wa ngozi iliyofinyangwa, akapakwa lipu na kutiwa dhahabu. Sasa kaburini zinaning'inia nakala, na vifaa halisi vimehifadhiwa. Chini yake amelala Edward wa shaba, na mto wake wa kichwa ni kofia ile ile yenye simba.

Lakini vishungi vilikuwa zaidi vya uwanja wa mashindano kuliko vya vita. Humo mabwana walishindana kwa mikuki mbele ya watazamaji, na kadiri kishungi kilivyorefuka ndivyo jina la mtu lilivyopanda. Alama ya kutambulika ikawa alama ya ukubwa. Aina ya kofia ikachorwa kulingana na cheo. Mwanamke, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mpiganaji, kwa desturi ya Uingereza alinyimwa kofia na kishungi, na hata ngao yenyewe: alama za ukoo wake zilichorwa ndani ya umbo la almasi.

Ngao yenyewe nayo ikawa kitu cha kugombaniwa. Mwaka 1385 Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza alipeleka jeshi Scotland. Ndani ya jeshi hilo Richard Scrope wa Yorkshire akamwona Robert Grosvenor wa Cheshire na ngao kama yake: uwanja wa buluu, mkanda wa dhahabu uliopita mshazari. Kesi ikaenda hadi 1390, mashahidi kwa mamia. Mshairi Geoffrey Chaucer alisimama mwaka 1386, akasema aliiona ngao hiyo kwa akina Scrope vitani Ufaransa, kabla yeye mwenyewe hajatekwa. Akaeleza tena kwamba siku moja alipita Friday Street, London, akaikuta imetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza kama ni akina Scrope waliofikia pale. Akajibiwa hapana, ni Grosvenor, jina ambalo hakuwa amelisikia kamwe. Mfalme alimpa Scrope ushindi. Grosvenor akabaki na buluu yake, na badala ya mkanda akaweka mganda wa ngano.

Lugha hiyo ya ngao ndiyo waliyoikuta mezani wachoraji wa nembo zetu za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuitupa, waliipunguza na kuijaza. Nchi nyingine zilibakiza kilele: nembo ya Malawi ya mwaka 1964 ina kofia ya chuma, na furukombe juu yake; ya Zimbabwe ya mwaka 1981 haina kofia, ila ina ngata ya kijani na dhahabu, na ndege wa mawe wa Zimbabwe juu kabisa. Tanganyika, Uganda na Kenya ziliondoa vyote. Na ngao yenyewe haikuwa tena ya mpanda farasi wa Normandy. Ni ngao ya shujaa wa Kiafrika, yenye mkuki.

Katika nembo ya Tanzania ndani ya ngao kuna mwenge, bendera, shoka na jembe, kisha mawimbi. Chini ni Kilimanjaro, na maneno Uhuru na Umoja. Pembeni, wakishika pembe za ndovu, wamesimama mwanamume na mwanamke, mkarafuu na mpamba miguuni mwao. Wengi huiita Bibi na Bwana. Yule aliyenyimwa ngao huko Uingereza, hapa ameisimamia kwa urefu sawa na mwenzake.

Mei 2017 alifariki Dar es Salaam mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, aliyekuwa ametangazwa na vyombo vya habari kuwa ndiye mchoraji wa nembo hiyo. Wengine walibisha. Inaniuma kwamba swali la nani alishika penseli lilivuma hadharani mzee akiwa kitandani hospitalini, wakati ushahidi wa kesi ya mkanda wa dhahabu unasomeka hadi leo, shahidi kwa shahidi.

Vishungi havikutoweka kabisa kwetu. Upande mmoja wa ngao ya Uganda amesimama korongo, mkabala na swala, na kichwani ana shada la manyoya ya dhahabu, yamesimama wima kama miale. Hana kofia wala ngata. Ameota nayo.