Shahidi Hajishuhudii Mwenyewe: Somo la Namugongo

Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, karibu na Kampala, kuwaenzi Mashahidi wa Uganda. Wengi hufika kwa miguu, wengine wakitokea Kenya na Tanzania. Wanafunzi wangu huniuliza: je, heshima hiyo haimpunguzii Mungu haki yake?

Kanisa lilikwisha kujibu mwaka 787, katika Mtaguso wa Pili wa Nikea, lilipotenganisha ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima wanayostahili watakatifu. Hata hivyo, naona historia ya Buganda inalifafanua jambo hili vizuri zaidi.

Oktoba 1885, Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki na msimamizi wa vijana waliotumikia jumba la Kabaka, alimkemea bwana wake kwa mauaji hayo. Pia aliwakinga vijana hao dhidi ya tamaa za mtawala. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo naye akauawa. Karoli Lwanga akashika uongozi wa vijana Wakristo, na tarehe 3 Juni 1886 akateketezwa kwa moto Namugongo. Siku hiyo waliteketea pia wenzake, Wakatoliki na Waanglikana. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu.

Watu hawa hawakuwa waasi. Walimtumikia Kabaka kwa uaminifu, wakamnyima kile tu ambacho si mali ya mtawala yeyote: dhamiri. Ndiyo maana jina la shahidi linawafaa. Shahidi barazani hajielezi yeye. Huthibitisha lile alilolijua kuwa kweli, na msikilizaji makini huelekeza macho huko. Anayemheshimu Balikuddembe hana budi kujiuliza ni nani aliyemfanya amwogope Kabaka kidogo kiasi kile. Hapo ndipo heshima kwa mtakatifu inapomfikisha mwamini kwa Mungu.

Kwa hiyo hofu yangu haiko kwenye wingi wa mahujaji. Iko kwa mtumishi wa umma anayetembea siku nyingi hadi Namugongo, akasali machozi yakimtoka, kisha akarudi ofisini kutia saini hati anayojua kuwa ni ya uongo kwa sababu mkuu wake ameagiza. Balikuddembe naye alikuwa na mkuu.