Wapishi hawakuulizwa: historia ya jiko la kuni nchini Kenya

Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila nyumba nchini Kenya inapikia nini. Asilimia 55.1 zilijibu kuni. Gesi ilifuata kwa mbali, asilimia 23.9, kisha makaa kwa asilimia 11.6. Mashambani, nyumba 84 hivi katika kila 100 ziliinjika chungu juu ya moto wa kuni. Majibu hayo yalitolewa baada ya takriban miaka 40 ya serikali, mashirika na wataalamu wa ng'ambo kuhangaika na jiko la mwanamke wa kijijini, wakilibomoa na kulijenga upya kwa majina mapya. Kila nikiipitia historia hiyo naona jambo moja: majiko yaliyodumu ni yale ambayo mpishi alishirikishwa kuyatengeneza. Mengine yalipasuka, yakatelekezwa, kuku wakaja kutagia humo.

Tuanze na mafiga, maana hayo yalihukumiwa bila kusikilizwa. Ni mawe matatu tu, wengine huyaita mafya, yaliyopangwa pembetatu kwenye sakafu ya udongo. Jifya moja haliinjiki chungu, walisema wazee, lakini matatu huinjika chochote: kisufuria cha uji wa mtoto, chungu cha maharagwe, au sufuria kubwa ya matanga inayobebwa na watu wawili. Ukitaka kupika kikubwa unayasogeza nje, ukitaka kidogo unayasogeza ndani. Hayachagui kuni. Gogo refu linaingia bila kukatwa na kusukumwa taratibu kadiri linavyoungua. Usiku moto huo ulikuwa taa na blanketi. Juu yake, kwenye uchaga, yaliwekwa mahindi ya mbegu, na moshi ukayakausha na kuwazuia dumuzi.

Udhaifu wa mafiga ni uwazi wake. Moto unapigwa na upepo pande zote, na joto jingi hupotelea ubavuni kabla halijaigusa sufuria. Vipimo vingi huonyesha kwamba ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni linalofika kwenye chakula. Hata hivyo, mpishi mwangalifu anayepika mahali pasipo na upepo, kwa kuni kavu zilizopasuliwa ndogo, hupata zaidi ya hapo. Wataalamu wengi wa mwanzo hawakulizingatia hilo, na kosa hilo liligharimu miaka mingi.

Walowezi wa Kizungu walikuja na majiko ya chuma yenye mlango wa kuni, oveni na bomba la moshi. Katika jumba la makumbusho la Karen Blixen jijini Nairobi limewekwa jiko la Dover, la aina aliyotumia mwandishi huyo kabla ya kuondoka Kenya mwaka 1931. Majiko hayo yalibaki ya wenye nafasi. Kilichowafikia watu wengi zaidi kutoka enzi hiyo ni mti: mkalitusi uliletwa mwaka 1902 ili kuzipatia kuni injini za reli ya Uganda, na leo ndio unaopasuliwa nyuma ya nyumba nyingi za nyanda za juu.

Dunia ilianza kuzungumzia jiko la kuni baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Mwaka 1975 Erik Eckholm wa taasisi ya Worldwatch mjini Washington aliandika kwamba kuna mgogoro mwingine wa nishati usiosemwa, nao ni wa kuni. Ukame wa Sahel ulikuwa umewatisha watu, na picha ya mwanamke aliyeinama chini ya mzigo wa kuni ikawa ushahidi wa misitu kuisha. Lawama zikamwangukia yeye. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kwa fikra hiyo kurekebishwa. Mwaka 1988 Gerald Leach na Robin Mearns walitoa kitabu kilichobainisha kwamba misitu ya Afrika ilikuwa ikifyekwa hasa kwa ajili ya mashamba, na kwamba sehemu kubwa ya kuni za vijijini hutoka kwenye matawi makavu, nyua na miti ya shambani. Hapa kwetu Wangari Maathai alikuwa amekwisha kushika njia nyingine tangu 1977, alipoanzisha Green Belt Movement: badala ya kuwakemea wanawake, aliwapa miche wapande kuni zao wenyewe.

Katika hali hiyo ya hofu ndipo lilipozaliwa jiko la Lorena. Guatemala ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi mwaka 1976, na katika miaka ya kujenga upya likabuniwa huko jiko la udongo na mchanga, bonge zito lenye matundu kadhaa ya sufuria na bomba la kutolea moshi. Lilipendeza macho, likasambazwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Lakini udongo mnene hunyonya joto. Moto unawashwa, na kabla chai haijachemka jiko lenyewe linakula sehemu yake. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kwa mapishi mafupi lilikula kuni nyingi kuliko mafiga lililokuja kuyaondoa. Wapishi walilijua hilo mapema. Walipasha uji kwenye mawe na kuliacha jiko jipya kwa wageni wa mradi.

Mnamo Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanyia Nairobi mkutano wake mkuu kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na baada ya hapo Kenya ikawa uwanja wa majaribio. Sifa nyingi zimekwenda kwa jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, lile la mafundi wa jua kali, na limestahili. Nami naamini kazi kubwa zaidi ilifanywa kimyakimya mashambani katikati ya miaka ya 1980, pale Wizara ya Nishati, shirika la Ujerumani la GTZ na chama cha Maendeleo ya Wanawake walipolitoa jiko la kuni lililoitwa Maendeleo. Ubunifu wake ulikuwa mdogo, na ndiyo sababu ulifaulu. Ni chungu kisicho na kitako, chenye mdomo mmoja mbele wa kuingizia kuni na vishikio vitatu vya kukalia sufuria kwenye ukingo wa juu. Kwa maneno mengine, mafiga matatu yalizungushiwa ukuta.

Chungu hicho kilihitaji mfinyanzi, na Nyanza na Magharibi hazikukosa wafinyanzi. Wanawake wa huko walikuwa wakifinyanga vyungu vya maji, vya mboga na vya pombe tangu jadi, ingawa plastiki na sufuria za alumini zilikuwa zimewapunguzia wateja. Shirika la Uingereza la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilifanya kazi na vikundi vyao, na jiko likapewa jina la Upesi.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Udongo huchimbwa, hulowekwa na kukanyagwa kwa miguu mpaka vijiwe na mizizi vyote vitoke, kwa kuwa kijiwe kimoja kilichosahaulika kinatosha kupasua chungu motoni. Kisha hubandikwa ndani ya kalibu kwa vidole, tabaka kwa tabaka, ili kila jiko liwe na kimo na upana uleule. Likishasimama vizuri, mfinyanzi hukata mdomo wa kuni kwa kisu kilicholowa, halafu huviunga vile vishikio vitatu kwa ndani na kuvilainisha kwa kitambaa chenye maji. Hapo hakuna haraka. Jiko hukaa kivulini siku nyingi, maana likianikwa juani hukauka nje kabla ya ndani na kupasuka. Ndipo huingizwa kwenye tanuri. Nyumbani kwa mnunuzi, husimikwa sakafuni na kukandikwa kwa mawe na udongo pande zote, likawa sehemu ya jikoni kama ukuta.

Kukandikwa huko kulikuwa na maana kubwa. Maabara hupima jiko kwa kuchemsha maji, na maji hayasongwi. Ugali wa watu wanane husongwa kwa nguvu ya mabega, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine ukiishika sufuria, na jiko jepesi la bati hucheza au huanguka na kumwaga chakula na moto pamoja. Wapo wanawake waliopewa majiko ya kubebeka wakayatumia kwa chai na mboga, kisha ugali wakausongea kwenye mafiga. Wataalamu waliita hali hiyo kukataa teknolojia. Mimi nasema ni mpishi anayelinda watoto wake wasiungue.

Jambo jingine lililosaidia Upesi ni kwamba liliuzwa. Majiko ya bure hayakuwa na fundi wa kuyatengeneza mradi ukiondoka; la kuuzwa lilimwachia mfinyanzi kipato cha kumfanya afinyange jingine mwaka uliofuata.

Kwa miaka hiyo yote habari ilikuwa ya kuokoa kuni. Moshi ulizungumzwa kidogo. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la Lancet utafiti walioufanya Mpala, kaunti ya Laikipia, ulioonyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi wa jikoni ndivyo anavyougua zaidi magonjwa ya njia ya hewa, na wanawake na watoto wadogo ndio wanaoumia. Wakati huohuo ITDG ilikuwa ikikaa na kina mama wa Kajiado na wa magharibi ya nchi, wakichora pamoja paa la bati la kunasa moshi juu ya meko, wakipanua madirisha na kuacha nafasi kati ya ukuta na paa. Moshi ulipungua sana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Tiba haikuwa rahisi kama ilivyodhaniwa. Jaribio kubwa lililofanyika Malawi, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2017, liligawa majiko yenye feni ya kuchochea moto katika vijiji vya watoto zaidi ya 10,000. Nimonia haikupungua. Majiko mengine yaliharibika, na watoto waliendelea kuvuta moshi wa takataka, wa tumbaku na wa jirani. Jiko moja haliwezi kuosha hewa ya kijiji kizima.

Kizazi cha sasa cha majiko ya kuni kinatokana na kazi ya Mmarekani Larry Winiarski, aliyeweka misingi yake mwaka 1982: chumba cha moto chenye umbo la kiwiko, kuta zisizonyonya joto, na hewa inayopita chini ya kuni. Uganda iliuunganisha ubunifu huo na udongo wa kichuguu na majani yaliyokatwakatwa, na majiko hayo yakajengwa katika nyumba nyingi za magharibi ya nchi hiyo. Kenya imekuwa na kiwanda Ruiru kinachotoa jiko la kuni la chuma liitwalo Kuniokoa. Fedha za kaboni zimeingia pia, na hapo lazima tuwe macho. Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Kammen yuleyule wa Mpala, na Barbara Haya walionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai kuokoa hewa ukaa karibu mara tisa ya kiasi halisi. Moja ya sababu ni kwamba ilihesabu kana kwamba mpishi ameacha kabisa jiko lake la zamani. Hakuwa ameliacha, kwa kuwa mafiga bado yana kazi yake.

Katika vitabu vya majiko, sura ya kutunza jiko ndiyo fupi kuliko zote, ilhali nusu ya faida iko humo. Ukuni uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hautapika chochote mpaka uyakaushe kwanza. Moshi mzito unaoutoa ni nishati inayotoroka bila kuungua. Ukuni ukipasuliwa mwembamba kama kifundo cha mkono na kupangwa chini ya paa kiangazi kizima, jiko lilelile litakula pungufu. Mdomo wa jiko haufai kujazwa: vikuni viwili au vitatu vikichezewa na hewa huwaka vizuri kuliko sita vilivyobanana. Majivu yazolewe kabla ya kuwasha, maana yakipanda hewa haina pa kupita. Mpishi akimaliza, achomoe vijinga na kuvizima kwa mchanga, kwa kuwa maji yakimwagwa kwenye chungu chenye moto hukipasua siku hiyohiyo. Nyufa huanzia mdomoni, pale kuni zinaposugua na kugonga, na zikizibwa mapema kwa udongo uliochanganywa na samadi jiko huendelea miaka. Zikiachwa, moto hutokea ubavuni na jiko hurudi kuwa mafiga, tena mabaya.

Serikali ya Kenya imeweka mkakati wa kila nyumba kupata nishati safi ya kupikia ifikapo 2028. Nautakia heri, na natamani kila mama awe na gesi anayoweza kumudu kuijaza. Lakini mtungi hautafika kila boma kwa mpigo, na hata utakapofika, maharagwe yataendelea kuchemshwa kwa kuni kwa muda mrefu. Kwa hiyo naziomba serikali za kaunti zisiwaache wafinyanzi wa Upesi wakizeeka bila wanafunzi. Ziwalipe wawafundishe vijana kufinyanga, kusimika na kukarabati. Na afisa atakayepelekwa kijijini na jiko jipya, kabla hajaligawa, amwombe mwenye jiko asonge ugali juu yake, asimame hapo atazame, na alirudishe kiwandani likicheza.