Pishi ya Wataalamu

Leo somo letu ni juu ya vipimo.

Pishi ya duka hili ikiwa ndogo kuliko pishi ya duka lile, mnunuzi hupunjwa. Jambo kama hilo liliwapata wataalamu wa Ulaya.

Ndani ya chembe hai za mwili mna DNA, uzi mwembamba sana unaobeba urithi wa wazazi. Hewa ya oksijeni huweza kuudhuru uzi huo, na madhara mengine yaweza kuleta kansa. Kwa hiyo wataalamu walitaka kuyahesabu. Lakini maabara moja ilipata hesabu ndogo, na nyingine hesabu kubwa mno. Nani aaminiwe?

Mwaka 1997 ikaundwa kamati iliyoitwa ESCODD. Maabara nyingi zilipewa sampuli zile zile, kisha majibu yakalinganishwa. Sababu moja kubwa ikathibitika: DNA ilidhuriwa na hewa wakati wa kutolewa katika chembe. Kumbe baadhi ya wapimaji walihesabu madhara waliyoyafanya wenyewe!

Njia za kutayarisha sampuli zikatengenezwa. Hesabu zikashuka na kukaribiana, ingawa hazikulingana kabisa.

Basi, ukipewa hesabu yo yote, uliza: imepimwa kwa pishi gani?