Mwalimu wa Michezo Aliyechorwa Gazetini

Waliozoea gazeti la Taifa Leo la Kenya walimjua sana Juha Kalulu, yule mjinga wa kuchekesha aliyechorwa na Edward Gitau miaka mingi. Leo twawaletea habari za mwenziwe wa ng'ambo, ambaye si mjinga bali ni mwalimu wa michezo. Jina lake Gil Thorp.

Alianza kutokea katika magazeti ya Marekani tarehe 8 Septemba 1958, kwa kalamu ya Jack Berrill. Jina lake liliungwa kwa majina ya wachezaji wawili: Gil Hodges wa besiboli, na Jim Thorpe, mtu wa kabila za wenyeji wa Marekani, aliyepata nishani mbili za dhahabu huko Stockholm mwaka 1912. Thorpe alinyang'anywa nishani hizo mwaka 1913, kwa kuwa zamani alipokea fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Jamaa zake walirudishiwa mwaka 1983, naye alikwisha kufa tangu 1953.

Thorp hufundisha shule ya Milford. Majani yapukutikapo, ni futiboli ya Kimarekani. Baridi ikija, mpira wa kikapu. Joto likirudi, besiboli. Kila siku gazeti hutoa kipande kidogo tu, hata mchezo mmoja waweza kuchukua siku nyingi. Wanafunzi humaliza shule wakaenda zao, wengine wakaingia, yeye hubaki. Sisi walimu wa Iringa na Mbeya twalijua hilo: mara tupatapo mlinda lango hodari, amekwisha maliza darasa la saba! Ila sisi twazeeka.

Tena si mabao tu. Zimo habari za kijana atumiaye dawa ili apate nguvu, na za msichana apataye mimba angali shuleni. Labda mtu atasema mambo hayo hayafai katika ukurasa wa picha. Sisi hatukubali, maana mara nyingi mwalimu wa michezo huambiwa siri hizo kabla ya mwalimu mkuu, hata kabla ya mzazi.

Berrill aliandika na kuchora mpaka alipofariki mwaka 1996, yapata miaka 38. Ndipo kazi ikagawanywa, huyu akaandika na yule akachora. Jerry Jenkins, mtungaji wa riwaya za Kikristo, aliandika hata 2004, akafuata Neal Rubin, na mwaka 2022 akaingia Henry Barajas.