Kilele cha Wadakaji

Kulinganisha watu wa nyakati mbalimbali ni kazi inayopendwa na wengi, lakini ni wachache waifanyao kwa haki. Mfano mzuri tunaupata katika mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono zaidi kuliko miguu. Humo yumo mchezaji ambaye kazi yake ni kukimbia mbele, kumtoroka mlinzi na kuudaka mpira uliorushwa kutoka nyuma. Nitamwita mdakaji. Swali lisilokwisha huko Marekani ni hili: ni mdakaji gani aliyefikia kilele cha juu kuliko wenziwe?

Ukitazama jumla peke yake, jibu huonekana jepesi. Mwaka 2012 Calvin Johnson wa Detroit alipata yadi 1,964, akaivunja rekodi ya yadi 1,848 aliyoiweka Jerry Rice mwaka 1995. Cooper Kupp alifikia yadi 1,947 mwaka 2021, lakini kwa michezo 17. Johnson alicheza 16. Kwa upande wa mabao, Randy Moss alifunga 23 mwaka 2007 katika michezo 16. Rice alikuwa amefunga 22 mwaka 1987 katika michezo 12 tu, kwa sababu ya mgomo wa wachezaji. Je, 23 ni kubwa kuliko 22? Mtoto wa darasa la kwanza atasema ndiyo. Mwalimu atauliza kwanza kila mmoja alipewa maswali mangapi.

Tena sheria zenyewe zilibadilika. Tangu mwaka 1978 mlinzi hakuruhusiwa tena kumsukuma mdakaji baada ya yadi 5 za mwanzo. Don Hutson wa Green Bay hakuwa na kinga hiyo. Hata hivyo, mwaka 1942, katika michezo 11, alidaka mara 74, akapata yadi 1,211 na mabao 17. Mwaka huo hakuna mwingine aliyefikia hata nusu ya midako yake. Kwa hesabu hiyo, wengi humtawaza yeye.

Hapo ndipo historia inapotutaka tusimame kidogo. Hutson aliingia katika ligi mwaka 1935 na kuondoka mwaka 1945. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika ligi ile. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1946, Kenny Washington na Woody Strode walipochukuliwa na timu ya Los Angeles. Zaidi ya hayo, mwaka 1942 vita vilikuwa vimeanza kuwachukua vijana.

Simvunjii Hutson heshima. Aliwashinda wote waliowekwa mbele yake. Lakini mwanafunzi akiniambia kuwa amekuwa wa kwanza, humwuliza: wa kwanza kati ya nani? Waliofungiwa nje hawana takwimu, nasi hatuwezi kuwapa alama. Tunaweza tu kukumbuka kwamba walikuwapo.

Kwa hiyo mimi nampa Rice wa mwaka 1987 nafasi ya kwanza: michezo michache, mabao mengi, na uwanja uliokuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Msomaji anaweza kuchagua mwingine. Ninachomwomba ni kwamba, kabla ya kuhesabu mabao, ahesabu kwanza milango iliyokuwa imefungwa.