Bangili ya mtoto wa Unguja

Nipo Dubai Airport Freezone, eneo huru la biashara lililoanzishwa 1996 kando ya uwanja wa ndege. Kazi yangu hapa ni kukagua karatasi za mizigo. Mzigo bila karatasi haupiti, hata uwe dhahabu! Ndipo nikaikumbuka bangili ya Freddie Mercury.

Alizaliwa Unguja 1946 akiitwa Farrokh Bulsara; wazazi wake wakahamia naye Uingereza 1964, baada ya Mapinduzi. Bangili yenyewe ni ya fedha, umbo la nyoka. Septemba 2023 Sotheby's ya London waliinadi, ikaenda kwa pauni 698,500. Kwa uzito wake haifiki hata robo ya hapo. Kilichonunuliwa ni ushahidi: anaonekana kaivaa kwenye video ya "Bohemian Rhapsody" ya 1975, na muuzaji alikuwa Mary Austin, aliyeachiwa nyumba yake na vilivyomo Freddie alipofariki 1991. Hata kitana cha masharubu kilifika 152,400, jamani!

Makumbusho yake yapo Shangani, Mji Mkongwe, tangu 2019. Mimi ninayo bangili ya bibi yangu, ya fedha pia. Picha yake akiwa kaivaa sina.